Pete Ndani ya Pembetatu

Apolinari Shirima hanunui bomba la chuma kabla hajaligonga. Analiinua upande mmoja, analiacha lining'inie, analigonga kwa ufunguo wa pikipiki yake, kisha anatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Likitoa mlio mwembamba analirudisha kwenye rundo bila kusema neno. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Karatu wamemzoea. Wengine wanamcheka, wengine hawampendi, ila hakuna anayejaribu tena kumpa bomba jepesi kwa jina la lile zito, kwa kuwa atarudi nalo begani wakati dukani pamejaa wateja, na kuligonga upya mbele ya wote.

Kutoamini ndiko kulikomlea. Alitoka Rombo akiwa kijana, akafikia kwa mjomba aliyekuwa na gereji ya magari ya watalii. Gerejini alijifunza kuchomelea, na alijifunza pia kwamba spea nyingi zinazokuja ndani ya boksi jipya zimekwisha kutumika kwingine. Sasa ana miaka hamsini na ushee, mke, watoto waliokwisha kuondoka nyumbani, na banda la mabati kando ya barabara inayopanda kuelekea lango la Ngorongoro. Humo anatengeneza mageti. Mwenye nyumba wa Karatu anataka geti lenye simba, twiga, au tausi aliyefungua mkia, naye Apolinari anawatengeneza wote, kwa subira, bila kuwapenda.

Kazi yake huanzia sakafuni. Mteja anakuja na picha kwenye simu, Apolinari anaitazama, anapiga magoti, anaichora kwa chaki juu ya saruji kwa ukubwa wake halisi. Vyuma hulazwa juu ya chaki, vinakatwa, vinashikizwa, na geti likiinuliwa mchoro unafagiliwa. Karatasi haina kazi bandani kwake. Ndiyo maana yule mama alipofungua mfuko wa nailoni na kutoa karatasi, Apolinari aliifuta mikono yake taratibu kuliko ilivyohitajika, ili apate muda wa kumtazama.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amevaa gauni la kitenge na shuka jekundu juu yake. Clemensi, mpaka rangi anayefanya kazi naye banda moja, aliinuka kwenye ndoo aliyokuwa ameikalia akamwamkia Kimasai.

"Takwenya."

"Iko," aliitika mama, akamgeukia Apolinari. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye. Karibu, mama."

"Naitwa Nanyokie. Nimetoka Piyaya. Nyumba yangu ni ile mpya ya huku juu, yenye bati la kijani. Nataka geti kama hili."

Mchoro ulikuwa wa penseli, na aliyeuchora hakuwa na haraka. Katikati palikuwa na duara kubwa lililozungukwa na pembetatu ndogo ndogo, ncha zote zikitazama nje, kila moja sawa na mwenzake. Kutoka hapo mistari ya meno ya msumeno ilikimbilia kwenye pembe nne za karatasi, na katikati ya meno kulikuwa na vitone vilivyokolezwa kwa penseli mpaka vikang'aa. Ndani kabisa ya duara kubwa, peke yake, palikuwa na pembetatu moja iliyosimama, na ndani ya hiyo pembetatu, pete.

Apolinari aliugeuza mchoro juu chini, kisha akaurudisha.

"Nani amechora?"

"Mimi."

"Umesomea?"

"Nashona shanga. Wanaonunua wanataka kuona kwanza kwenye karatasi ndipo ushone. Mtu anajifunza."

"Na hii hapa katikati ni nini?"

Nanyokie aliutazama mchoro kana kwamba alikuwa hajawahi kuuona. "Ni geti."

"Geti naliona, mama. Nauliza hii pembetatu, na hili duara ndani yake."

"Fundi, ukitengenezewa chai unauliza jani limechumwa shamba gani? Tengeneza kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Clemensi alicheka. Apolinari hakucheka. Mteja asiyetaka kusema, kwa uzoefu wake, ni mteja mwenye jambo. Hata hivyo alipima, akataja siku ya kumaliza, wakakubaliana. Mama alipoondoka, Apolinari aliibandika ile karatasi ukutani kwa sumaku akarudi nyuma hatua chache kuitazama.

"Hii kitu siiamini," alisema.

"Wewe ni kipi unachokiamini?" alijibu Clemensi. Akasogea naye kutazama. Clemensi ni Mwiraki wa Endamarariek, na huko kwao kila kitu kinafanana na kitu cha bibi yake. "Bibi alikuwa na sketi ya ngozi ya mbuzi, ya tangu usichana wake, imeshonwa shanga. Kulikuwa na jua mgongoni, hivi hivi, na miale. Hili ni jua, kaka. Mama anataka jua getini."

"Jua lina pembetatu ndani?"

"La bibi halikuwa nayo."

"Basi si jua."

Mwezi ule Apolinari alikuwa na sababu ya pekee ya kuwa mwangalifu. Kigango chao cha kanisa kilikuwa kimemaliza kuta za ukumbi, na kamati ya ujenzi ilikuwa imebaki na mafundi wawili wa kuchagua kwa ajili ya geti: yeye, na mwingine wa Mto wa Mbu. Apolinari ameimba besi kwenye kwaya ya kigango hicho tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mageti yake yako kwenye baa, kwenye nyumba za wageni, kwa madaktari na kwa madereva wa watalii. Kwenye uwanja wa kanisa hakuna hata bawaba yake moja. Alilitaka lile geti kuliko alivyokuwa tayari kumwambia hata mke wake, na alikuwa amekwisha kulichora kichwani: mashada ya ngano pande zote mbili, bila tausi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mama Cresensia, muuza vitenge sokoni, mwanamke anayejua nani kafunga duka kwa sababu gani kabla mwenye duka hajajua. Alipita bandani asubuhi moja kuona kazi za Apolinari, kama kamati ilivyomtuma. Akasifu geti la twiga. Akasifu uchomeleaji. Kisha akageuka, na macho yake yakagota kwenye karatasi ukutani.

"Apolinari. Hilo jicho ni la nani?"

"Jicho gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Pembetatu, jicho ndani. Hilo nimeliona kwenye simu mara ngapi! Ndiyo alama yao. Wanaiweka kwenye noti za nje, kwenye majengo, kwenye nguo za wanamuziki. Frimasoni."

"Ni mteja tu, mama. Mama wa Kimasai wa huku juu."

"Yule wa bati la kijani?" Cresensia alishusha sauti, jambo ambalo kwake ni ishara ya hatari. "Mume amekufa. Kazi hana. Watoto bado wanasoma. Nyumba imesimama ndani ya mwaka mmoja, na madirisha ya vioo. Wewe hujajiuliza?"

Apolinari alikuwa amejiuliza, tena siku ile ile ya kwanza, na kilichomuudhi ni kusikia wazo lake likitoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Mimi hapa sijaona kitu," alisema Cresensia akirekebisha khanga begani. "Lakini kamati inakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi. Na watu wana macho. Geti la Bwana haliwezi kutoka kwenye mikono inayochomelea lile dubwana."

Alipokwisha kwenda, Clemensi alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo bibi yangu naye alikuwa mwanachama?"

"Nyamaza, Clemensi."

"Nauliza tu. Tusije tukawa tunadai posho yake."

Jioni ile Apolinari alipanda pikipiki akapita mbele ya nyumba ya bati la kijani, taratibu, kama mtu anayetafuta kiwanja. Aliona kuta zilizopigwa lipu vizuri mno kwa mjane. Aliona kwamba pale pa geti palikuwa pamezibwa kwa matawi ya miba, namna boma linavyozibwa. Nanyokie alikuwa amekaa kwenye kigoda, anashona shanga, naye akainua macho mara moja na kumtambua. Hakumpungia mkono. Alimtazama mpaka pikipiki ikapita, na Apolinari, aliyezoea kuwa ndiye mwenye kuchunguza, alihisi amechunguzwa.

Akaifikiria ile kazi siku mbili. Kuikataa kungekuwa kukiri kwamba aliipokea bila kujua. Kuitoa pete na kubakiza pembetatu tupu kungeacha pengo, na mtu yeyote mwenye jicho la ufundi angeona kwamba kitu kimeng'olewa. Kisha, akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, katikati ya wimbo, jibu lilimjia likiwa limekamilika. Asingetoa kitu. Angeongeza. Juu ya pete angeweka vipande viwili vya chuma bapa, kimoja wima na kingine ulalo. Msalaba. Jicho lingefumbwa na geti lingekuwa la Kikristo. Mama wa watu angelindwa bila kujua alikuwa ameelekea wapi, na Cresensia angekosa neno.

Alifanya hivyo, na akafanya vizuri. Pembetatu za pembeni alizikata moja moja na kuzisaga ncha. Vile vitone vilivyong'aa alivitengeneza kwa vichwa vya boliti. Msalaba aliupa chuma kinene kuliko kilichotumika kwingine kote, wala hakuutaja kwenye gharama. Cresensia alipopita tena alisimama mbele ya geti muda mrefu, akajifanyia ishara ya msalaba, na kusema, "Hapo sasa." Maneno mawili tu. Apolinari alilala usingizi mzuri.

Siku ya kulipeleka walikodi pikapu. Nanyokie alikuwa amekwisha kuondoa miba, na pembeni yake alisimama mwanamume mwembamba mwenye fimbo, ambaye alimtambulisha kuwa ni shemeji yake, Sitonik, mdogo wa marehemu, amekuja kutoka Piyaya kwa ajili ya geti. Apolinari na Clemensi walilishusha, wakalisimamisha kwenye nguzo, wakavua magunia yaliyolifunika.

Sitonik alipiga mluzi mfupi wa kuvuta pumzi.

Nanyokie alisogea karibu, akaunyoosha mkono wake kuelekea katikati, akaurudisha kabla haujagusa. Kisha akavuta shuka mpaka kidevuni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Toa," alisema.

"Nitoe nini, mama?"

"Nilikwambia usiongeze."

"Ni msalaba tu. Nimekuwekea bure. Wewe si Mkristo?"

"Nimebatizwa. Kanisani naitwa Beatrice. Toa."

"Mama, ile alama yako watu walianza kusema maneno. Mimi nimekuokoa. Huu ni msalaba wa Yesu, una ubaya gani?"

Sitonik ndiye aliyejibu, Kiswahili chake kikitoka polepole, kila neno likiwekwa chini kabla ya kuinua lingine. "Fundi. Huo si wa Yesu. Huo ni wa Metui."

"Metui ni nani?"

Nanyokie alimkatiza shemeji yake kwa Kimasai, maneno makali machache. Sitonik alimjibu kwa upole, na ilionekana wanabishana kama huyu mtu aambiwe au asiambiwe. Mwishowe Nanyokie aligeuka akatazama kwingine, na hiyo ikawa ruhusa.

Ile pembetatu yenye pete, Sitonik alisema, ni olmishire, chapa ya moto. Pembetatu ni ya ukoo, pete ni ya nyumba ya kaka yake. Kila ng'ombe wa marehemu alikuwa nayo pajani. Alipokufa, mifugo ikiwa malishoni mbali, jirani aitwaye Metui aliichukua sehemu kubwa ya lile kundi. Chapa ya nyumba ya Metui ni mistari miwili inayokatana. Alipasha chuma moto akachoma mistari yake juu ya pete, ng'ombe baada ya ng'ombe, akasema ni wake tangu zamani. Mjane alihangaika kwa wazee, na wazee walikaa, wakakaa tena, mpaka nywele za mapaja ziliponyolewa na makovu kuonekana lipi la zamani na lipi jipya. Ng'ombe wakarudi kwake. Baadaye akawauza, karibu wote, akajenga mjini ili watoto wasome.

"Nyumba hii ndiyo wale ng'ombe," alisema Sitonik. "Alitaka chapa yao iwe mlangoni, safi. Wewe umeichoma tena kama Metui."

Clemensi aliangalia viatu vyake.

"Kwa nini hukuniambia?" Apolinari alimuuliza Nanyokie.

"Nikwambie chapa yangu?" Aligeuka sasa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Sikujui. Anayejua chapa anaweza kuitengeneza. Wewe mwenyewe ni mtu wa kuchoma chuma! Ulikuja ukapita hapa na pikipiki unachungulia, ulidhani sikukuona? Ningekwambia nini mimi?"

Geti halikufungwa siku ile. Waliliegemeza ukutani, na Nanyokie akaamuru ligeuzwe, uso uangalie ukuta.

Walipoifikia barabara ya lami Apolinari akasema kile ambacho Clemensi alikuwa akikisubiri.

"Mimi siamini."

"Najua."

"Alama zote duniani, na huyo Metui awe na msalaba? Msalaba, Clemensi. Na shemeji amefika leo leo, hadithi anayo mdomoni tayari. Kama ni kweli hao wana jambo lao, si ndivyo wangesema? Msalaba ndicho kitu wasichokitaka getini."

"Kaka, mwanamke amekaribia kulia."

"Watu wanalia."

Hata hivyo Sitonik, wakati wanaagana, alikuwa amesema neno moja zaidi, na hilo lilimkaa Apolinari kama cheche ndani ya kiatu. Alisema kuna ng'ombe jike mzee aliyebaki kati ya wale, na kwamba angemleta siku ya mnada. "Njoo uangalie mwenyewe. Nimesikia wewe ni mtu wa kugonga vitu."

Apolinari ameishi Karatu zaidi ya nusu ya maisha yake, na mnadani huenda kula nyama choma, kununua viatu vya mitumba, na kuondoka. Ng'ombe alikuwa akiwaona kama mtu aonavyo magari ya wengine. Safari hii aliingia ndani ya uzio, vumbi jekundu likimpanda mpaka magotini, akatembea nyuma ya mapaja. Na kila alipotazama kulikuwa na michoro. Mistari mitatu sambamba. Nusu duara yenye mkia. Pembe mbili zilizotazamana. Kitu kama ngazi. Pembetatu. Pembetatu nyingine, yenye kijiti. Kwenye kundi moja lililotoka upande wa Soitsambu, mapaja yote yalikuwa na duara lenye kitone katikati, jicho kamili, likimtazama.

"Duh," alisema Clemensi nyuma yake. "Hawa wote ni wanachama. Mwite Mama Cresensia aje aendeshe mkutano."

Apolinari aling'ata mdomo ili asicheke, akashindwa.

Sitonik alikuwa kwenye kona ya mbali, na yule jike alikuwa mweupe, mkavu, pembe moja imeinamia sikioni. Pajani palikuwa na pembetatu, na ndani ya pembetatu palikuwa na vurugu la kovu.

"Gusa," alisema Sitonik. "Hapigi teke, amezeeka."

Apolinari alichuchumaa. Alipitisha kidole gumba juu ya lile kovu, taratibu, kisha akafumba macho, kwa sababu kuna vitu ambavyo kidole kinavijua zaidi. Fundi wa kuchomelea anajua kwamba mishono miwili ikipishana, wa pili hupanda juu ya wa kwanza. Hauwezi kupita chini yake. Ukipitisha kidole unausikia ule wa kwanza ukikatika na ule wa pili ukiendelea mzima. Ngozi ilikuwa vivyo hivyo. Pete ilikuwa laini, ya siku nyingi, iliyokua pamoja na mnyama tangu akiwa ndama. Mistari miwili ilipanda juu yake kwa kingo kali na kuikata mahali panne.

Jike alimpiga usoni kwa mkia, mara moja, bila chuki.

"Wa kwanza ni pete," alisema.

"Ndivyo walivyosema wazee," alijibu Sitonik. "Lakini wao walitumia siku nyingi."

Jumamosi geti lilirudi bandani kwa pikapu ile ile, kwa kuwa kwa Nanyokie umeme ulikuwa haujafika. Walililaza juu ya mapipa mawili. Clemensi alitazama barabarani, ambako watu walikuwa wakitoka sokoni kwa makundi, akaanza kuvuta mlango wa banda.

"Acha wazi," alisema Apolinari.

"Kaka, unakwenda kusaga msalaba. Mchana. Kesho kamati inakaa."

"Najua."

"Basi funga mlango, tunamaliza nusu saa, nani atajua?"

Apolinari alivaa miwani ya kazi. Alijiweka mahali pa mpita njia, jambo ambalo amekuwa akilifanya maisha yake yote. Ukisikia grenda ikilia ndani ya banda lililofungwa mlango, Jumamosi ya soko, utasemaje? Utachungulia kwenye tundu la bati. Na ukimwona mtu kwenye giza anasaga msalaba, unakwenda nyumbani na hadithi ambayo haitakufa. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kuiamini.

"Libebe tulitoe nje," alisema. "Pale, kwenye mwanga."

Cheche zilipoanza kuruka watu walisimama. Kwanza wawili, kisha kundi. Hakuna aliyeuliza. Mmoja alitoa simu. Msalaba alikuwa ameuchomelea vizuri, kwa chuma kinene, na sasa wema wa kazi yake ulimgeukia: diski ya kwanza ikaisha, akaweka ya pili. Alipoinua kichwa kufuta jasho, Mama Cresensia alikuwa amesimama mbele, mkoba kifuani.

"Unafuta msalaba, Apolinari?"

"Ninafuta, mama."

"Kwa nini?"

"Ni chapa ya ng'ombe. Mwizi aliuchoma juu ya chapa ya huyu mama. Mimi sikujua, nikaurudia."

"Ng'ombe," alisema Cresensia.

Alilitamka neno hilo namna Apolinari mwenyewe anavyolitamka neno "jipya" kwenye duka la spea. Akasikia jinsi maelezo yake yalivyokuwa mepesi. Yangegongwa, yangetoa mlio mwembamba.

"Twende mnadani siku yoyote, nikuonyeshe. Ziko nyingi. Yako macho, ziko pembetatu, iko misalaba."

"Mimi? Niende mnadani kuangalia mapaja ya ng'ombe?"

Watu walicheka. Cresensia hakucheka. Alimtazama kwa huzuni ya kweli, na hilo lilimuuma kuliko kama angetukana. "Nilikuwa nimekwisha kukutetea," alisema, akapita katikati ya watu akaenda zake.

Apolinari alishusha miwani akaendelea.

Jumapili aliimba besi kama kawaida. Baada ya misa kamati ilikaa, na haikuchukua muda mrefu. Geti la ukumbi lilipewa fundi wa Mto wa Mbu. Aliyemletea habari alikuwa katibu wa kwaya, aliyesema kamati imeangalia mambo mengi, kisha akatazama pembeni. Apolinari aliuliza bomba litakuwa la unene gani. Katibu hakujua.

Jumatatu walilifunga geti la Nanyokie. Clemensi alikuwa amelipaka rangi nyeusi, na vichwa vya boliti akavipaka nyekundu kwa hiari yake mwenyewe. Sitonik alikuwa amekwisha kurudi Piyaya. Geti lilipokaa kwenye bawaba zake, pembetatu ilisimama wima, na pete ikakaa katikati yake, nzima.

Haikuwa nzima kabisa. Apolinari alikuwa amesaga, akapiga msasa, akasaga tena, lakini pale mahali panne msalaba ulipokuwa umeshika, chuma kilikuwa kimeyeyukia ndani, na kukiondoa chote kungekuwa kuikata pete yenyewe. Palibaki mabonde manne madogo. Rangi iliyaficha kwa mbali. Kwa karibu, jua likipiga kwa upande, yalionekana. Alikuwa amekuja na jibu lake tayari: angetengeneza pete mpya, wiki hii hii.

Nanyokie alipitisha kidole gumba juu ya chuma. Alilipata la kwanza, la pili, yote manne, kwa mpangilio uleule ambao Apolinari aliutumia mnadani.

"Pamebaki kovu," alisema.

"Nitaweka nyingine, mama. Mpya kabisa."

"Acha." Aliendelea kuizunguka pete kwa kidole. "Nao walibaki nalo. Sasa imefanana."

Apolinari aliona kwamba huo ulikuwa wakati mwafaka wa kuuliza lile lililokuwa limemsumbua tangu mwanzo. "Na hizi nyingine? Hizi pembetatu za nje, na haya meno, na vitone. Vina maana gani?"

Nanyokie alimtazama kwa mshangao. "Hivyo? Ni urembo tu."

"Urembo tu?"

"Geti likiwa na pembetatu moja tupu si litakuwa baya?"

Clemensi alilazimika kwenda kusimama nyuma ya nguzo. Apolinari alikusanya vifaa vyake. Alikuwa anafunga kamba kwenye pikipiki aliposikia sauti nyuma yake, kavu, ya chuma kikigongwa, akageuka. Nanyokie alikuwa ameinamia bomba la chini la geti, sikio karibu, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea kidogo, anagonga tena.

"Fundi," alisema bila kuinua kichwa. "Hili la huku si jembamba kuliko la kule?"